Kuchagua kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa michezo ya mtandaoni, Lubumbashi

Maduka mengi ya kompyuta za mtumba hupanga bei kwa jina la prosesa: i3 chini, i5 katikati, i7 juu kabisa, na kibandiko kinang'aa mbele ya kasha. Mnunuzi naye hufuata kibandiko. Kwa mtu anayetaka kucheza mtandaoni, hapo ameanzia mwisho. i7 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, inaachwa mbali na i5-8500 ya mwaka 2018, na bado utaikuta rafu moja nayo ikiuzwa karibu bei moja kwa sababu tu ya ile "7".

Anza na kasha. Ukubwa wake ndio unaoamua kadi gani ya grafiki (inayochora picha za mchezo) itaingia, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) itatoa wati ngapi, na mashine itapumua vipi kwenye joto la Septemba na Oktoba. RAM, diski, hata prosesa, vyote hubadilishwa baadaye. Kasha la kiwandani halibadilishwi kirahisi, kwa maana madabodi (ubao mkuu wa ndani) ya Dell, HP au Lenovo imekatwa kwa umbo la kasha lake.

Makasha matatu

Kompyuta za okazyon zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nyingi zikiwa zimetoka maofisini ng'ambo, ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, au Lenovo ThinkCentre. Kila moja hutengenezwa kwa maumbo matatu.

Lile dogo la ukubwa wa kitabu, ambalo Dell huliita Micro, HP Mini na Lenovo Tiny, halina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida. Liache kwa katibu wa ofisi.

Jembamba, lililoandikwa SFF, linakubali kadi fupi tu, zile za nusu kimo. Kadi hizo zipo, lakini hapa mjini ni adimu, na muuzaji anajua hivyo anapotaja bei. Ukinunua SFF kwa kuahidiwa kwamba "kadi itapatikana", utakaa nayo miezi. Nunua tu kama kadi iko mkononi, pamoja na kibati chake kifupi cha nyuma, na ipachikwe mbele ya macho yako. Tazama pia unene: kadi nyingine hula nafasi mbili, na huenda ikagonga kitu kingine ndani ya kasha.

La tatu ni mnara, lililoandikwa MT, TWR au Tower. Hilo ndilo la kutafuta. Linakubali kadi za kimo kamili, lina hewa zaidi, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kulifungua bila kuvunja kulabu. Ukikuta HP Z240 au Dell Precision 3620 la mnara, simama ulitazame vizuri: ni mashine za wahandisi, pawa saplai yake kwa kawaida ina nguvu kuliko ya mashine za ofisi, na wauzaji wengi huziuza kama kompyuta ya kawaida kwa sababu kibandiko hakivutii.

Wati 75

Pawa saplai ya kompyuta ya ofisi ni ndogo. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290, ndugu yake SFF ana 255. Zaidi ya hapo, nyingi hazina ule mkia wa pini 6 au 8 unaolisha kadi kubwa. Na huwezi kuichomoa tu ukaweka nyingine ya dukani, kwa kuwa Dell na HP wametumia plagi zao wenyewe kwenye madabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Kebo za kuunganisha zipo, ila lazima ziagizwe kwa modeli yako hasa.

Kwa hiyo kadi inayofaa ni ile inayokula umeme wote kutoka kwenye nafasi yake kwenye madabodi. Nafasi hiyo hutoa wati 75 na si zaidi. Ndani ya mpaka huo chaguo bora kwa pesa ndogo ni GTX 1650 ya GB 4 isiyo na plagi ya umeme juu yake (zipo zenye plagi na zisizo nayo, hivyo itazame kwa jicho). Inaendesha Valorant, League of Legends, Rocket League, Dota 2 na eFootball kwa 1080p juu ya fremu 60 kwa sekunde, na Fortnite ukiipunguzia mapambo.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 iko chini yake kidogo na ni rahisi kuipata. Tatizo lake ni umri: NVIDIA ilifunga drava (programu inayoendesha kadi) mpya za michezo kwa kizazi hicho Oktoba 2025, ikaacha marekebisho ya usalama tu hadi 2028. Leo inacheza vizuri. Mchezo utakaotoka kesho unaweza kuikataa. Basi isikubaliwe kwa bei inayokaribia ya 1650.

GT 1030 ni mtego wenye milango miwili. Kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na kuna yenye DDR4, jina lile lile, boksi karibu lile lile, na ya DDR4 inakaribia nusu ya kasi ya mwenzake. Kama huwezi kuthibitisha ni ipi, usiilipie. RX 6400 ya AMD nayo ni nzuri kwenye madabodi mpya, ila hutumia njia nne tu za PCIe, yaani ile nafasi ya kadi kwenye madabodi, na kwenye mashine za ofisi zenye PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake.

Wapo watakaokushawishi uchukue RX 580 kwa bei ya kutupa. Kadi hiyo hula hadi wati 185, na nyingi sokoni zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Tena kuna iliyoandikwa "2048SP", ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Fundi atakuambia, "Tutaweka kebo ya kutoka SATA." Kataa. Plagi ya SATA, ile ya diski, imetengenezwa kubeba takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12, na plagi moja ya pini 6 inaweza kuvuta 75. Plastiki huyeyuka polepole, kwa kawaida katikati ya mechi, na harufu huja kabla ya moshi.

Njia nyingine ni kuacha kadi kabisa, ukatafuta mashine yenye prosesa ya AMD iliyo na grafiki ndani: Ryzen 5 3400G au, bora zaidi, 5600G. Hapo RAM ndiyo kila kitu, kwa sababu grafiki inaazima kumbukumbu ya kompyuta. Vipande viwili vya GB 8 huzidi kwa mbali kipande kimoja cha GB 16. Muuzaji akikuwekea kimoja, amekupunguzia sehemu kubwa ya kasi bila wewe kujua. Epuka 2200G na 2400G kwa sababu inayofuata hapa chini.

Kizazi cha nane, na kwa nini

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu (2200G na 2400G za AMD hazimo pia), pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka). Kuna hila za kuiweka kwenye mashine za zamani, na mafundi wanazijua zote, lakini kwa mchezaji hila hizo zina ukomo. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 hukagua TPM 2.0 na Secure Boot, na visipokuwepo haifunguki. Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7, zote za 2025, zimekwenda njia hiyo hiyo. Michezo mingine itafuata.

Usidhani Linux itakuokoa. Dota 2 na Counter-Strike 2 zinaendeshwa vizuri humo. Valorant, League of Legends na Fortnite hazichezeki.

Kizazi kinasomwa kwenye namba baada ya kistari: i5-4590 ni cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane. Cha nane ndicho i5 za mezani zilipopanda kutoka viini vinne hadi sita, na tofauti hiyo inaonekana mchezo unapoendeshwa pamoja na Discord. Kama bajeti haifiki na unacheza Dota 2, CS2 au eFootball tu, cha sita au cha saba kitakusogeza. Cha nne kinatumia RAM ya DDR3 ambayo hutaweza kuihamishia mashine ijayo. Bei inapaswa kuonyesha hilo.

RAM iwe GB 16. GB 8 inafungua michezo mingi mepesi, lakini Windows 11 na kivinjari vinamaliza nusu yake kabla hujabonyeza kitu. Bei ya RAM imepanda sana tangu mwisho wa 2025, hivyo mashine inayokuja na 16 tayari ndani yake mara nyingi ni nafuu kuliko yenye 8 utakayoiongezea. Diski iwe SSD ya GB 500 angalau. Counter-Strike 2 peke yake inaomba GB 85. Diski ya zamani ya kuzunguka isiharibu biashara, itumie kuhifadhi michezo usiyoicheza kila siku.

Umeme: sehemu ambayo watu huruka

Kwenye Kampemba au Katuba umeme wa SNEL unaweza kukatika mara tatu jioni moja. Kukatika si ndiko kunakoua kompyuta. Hatari ni unaporudi, kwa kishindo cha volti kubwa, au unapolegea hadi taa zinakuwa nyekundu huku kila jirani akiwa amewasha jiko.

Kabla ya chochote, geuza mashine utazame nyuma ya pawa saplai. Za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na wewe ukachomeka kwenye volti 220 zetu, utasikia mlio mmoja na mazungumzo ya garantii yataanzia hapo. Mpya zaidi zimeandikwa "100-240V", hazina kiswichi.

Kutoka ukutani, panga hivi: stabilaiza kwanza, kisha UPS (betri ya akiba), kisha kompyuta. Stabilaiza ya VA 1000 inayokubali volti kuanzia 140 inatosha. Iwe na ucheleweshaji, yaani ingoje dakika chache baada ya umeme kurudi kabla ya kuupitisha. Kwenye nyingi kuna kitufe cha kuchagua sekunde au dakika, weka kwenye dakika.

Kwenye UPS usidanganywe na VA. UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390. Kompyuta yenye i5 na GTX 1650 katikati ya mchezo inavuta kama wati 150, monita 20 hadi 25, kwa hiyo inatosha kukupa dakika chache za kumaliza raundi na kuzima kistaarabu. Lakini kuna jambo: pawa saplai za Dell na HP haziupendi umeme wa UPS za bei ndogo, ambao mawimbi yake yana ngazi badala ya mkunjo laini, na baadhi huzimika papo hapo UPS inaposhika kazi. Jaribu kabla ya kulipa: washa kompyuta, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows), kisha chomoa UPS ukutani. Ikizimika, UPS hiyo si yako.

Kwa wenye betri na inveta: betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina takriban saa-wati 1200. Ukiitumia nusu ili isife mapema, ukitoa na kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 500. Kwa wati 175 hizo ni karibu saa tatu za mchezo usipowasha kitu kingine. Modemu iwe kwenye betri pia, maana watu husahau, halafu kompyuta inawaka huku intaneti imelala.

Msimu wa mvua, radi ikianza, chomoa plagi ukutani pamoja na kebo ya mtandao inayotoka nje. Swichi ya kamba haizuii radi.

Dukani

Nenda mchana, na flashi yenye CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo, HWiNFO na FurMark. Muuzaji asiyekubali programu hizo zifunguliwe amekwisha kukujibu.

Kwanza mashine ifunguliwe ikiwa imezimwa. Tazama kapasita kwenye madabodi: vichwa viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja ute wa kahawia ni sababu ya kuondoka. Vumbi jekundu likiwa limejaa kwenye feni, mashine imekwisha kukaa hapa muda na haikuhudumiwa.

Washa, uingie BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache hapo hapo. Hutaweza kuwasha Secure Boot, na kuliondoa kwenye mashine za kampuni si kazi ya dakika tano. Hakikisha saa ni sahihi. Ikirudi miaka ya nyuma kila inapochomolewa, betri ya CR2032 imekufa. Ni kitu kidogo cha kubadilisha, ila ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Ndani ya Windows, andika `tpm.msc` uone toleo, kisha `msinfo32` uone kama BIOS iko kwenye UEFI, mtindo mpya. Mafundi wengi huweka Windows kwa mtindo wa zamani wa Legacy kwa sababu flashi yao ndiyo inavyofanya kazi, na hapo Secure Boot haiwaki hata kama mashine inaweza. Omba iwekwe upya kwa UEFI na diski ya GPT kabla ya kulipa, si baada.

CrystalDiskInfo itaonyesha afya ya diski. Mstari wa 05 au C5 ukiwa si sifuri, diski hiyo ya kuzunguka inaelekea kaburini. Kwa kadi, fungua GPU-Z: zipo GTX 1050 Ti bandia, ambazo ndani ni kadi za miaka ya 2010 zilizoandikwa upya, na GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina lake. Kisha endesha FurMark kwa dakika 15 huku HWiNFO ikionyesha joto. Kadi ikae chini ya nyuzi 85. Prosesa nayo ipe mzigo. Ikigonga 100, inajipunguzia kasi, na dawa yake ni kusafisha na kubadilisha pasta ya joto. Doa, mistari au skrini nyeusi kwenye FurMark haina dawa.

Angalia na matundu ya monita. Kompyuta za ofisi nyingi zina DisplayPort na VGA, hazina HDMI. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi. Ile ya kinyume chake ni kifaa kingine kabisa. Na ukishaweka kadi, kebo ya monita ichomekwe kwenye kadi, chini, si kwenye madabodi. Kosa hilo moja huleta malalamiko mengi ya "kadi haifanyi kazi".

Bei itatajwa kwa dola. Chagua noti safi, maana iliyochanika hata nywele moja itarudishwa, na usikubali kurudishiwa chenji yenye kasoro hiyo hiyo. Katika bajeti nzima, mashine ichukue karibu nusu, kadi zaidi kidogo ya robo, na kilichobaki kiende kwenye stabilaiza, UPS na kebo. Garantii iandikwe kwenye fakitire pamoja na namba ya mfululizo (numéro de série) ya mashine na ya kadi.

Mtandao

Kompyuta haiwezi kufupisha umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba hukata kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Johannesburg iko kama kilomita 1,600 kutoka Lubumbashi kwa mstari mnyoofu, Frankfurt zaidi ya 7,000, na kebo hazipiti mstari mnyoofu. Ndiyo sababu Dota 2 na Counter-Strike 2, zenye seva Afrika Kusini, huchezeka vizuri hapa kuliko michezo inayokupeleka Ulaya. Kabla ya kuchagua kadi, chagua mchezo ambao seva yake inafikika.

Pima jioni, saa mbili usiku, kwa `ping -n 200 8.8.8.8`. Hiyo haipimi seva ya mchezo, lakini inaonyesha laini yako ilivyo. Pingi (milisekunde za kwenda na kurudi) ya 90 isiyotikisika inachezeka. Inayoruka kutoka 50 hadi 400 haichezeki. Pakiti zikipotea zaidi ya mbili kwa mia, badilisha mtandao au sehemu ya modemu kabla ya kulaumu kompyuta. Vodacom, Airtel na Orange hutofautiana mtaa kwa mtaa, basi azima simu za majirani upime nyumbani kwako kabla ya kununua modemu. VSAT ya zamani, ambayo setilaiti yake iko karibu kilomita 36,000 juu, ina pingi ya kama 600 na hakuna mpangilio utakaoiponya.

Nyingi ya mashine hizi hazina Wi-Fi. Kebo ya mtandao kutoka kwenye modemu ndiyo bora, hata ikipita ukutani mita 20. Simu ikiwa ndiyo modemu, iunganishe kwa kebo ya USB badala ya kurusha Wi-Fi. Kisha kwenye Windows, ambayo hapa kwa kawaida iko kwa Kifaransa, washa "Connexion limitée" ili masasisho yasimeze forfe yako (kifurushi cha data) usiku.

Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kwa kawaida chini ya MB 300 kwa saa. Kinachomaliza forfe ni kupakua. Mwenzako mwenye mchezo wa Steam aje na diski yake: nakili folda ya mchezo kutoka `steamapps/common` pamoja na faili yake ya `appmanifest`, ziweke mahali pale pale kwako, Steam itakagua na kupakua kilichopungua tu. Mkiwa kwenye modemu moja, Steam yenyewe inaweza kuhamisha mchezo kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kugusa forfe.

Kibodi utakayopewa itakuwa AZERTY, na michezo mingi imepangwa kwa QWERTY. Usibadilishe vitufe kimoja kimoja: ongeza mpangilio wa Kiingereza cha Marekani kwenye Windows, na kila unapoanza kucheza bonyeza Windows na nafasi. Z, Q, S na D zitafanya kazi ya W, A, S na D zikiwa pale pale zilipo.